Mjomba anauliza ndege ya bei poa itafika lini Songosongo

Mjomba wangu wa Songosongo hapigi simu bila sababu. Akipiga, ujue ametembea mpaka pale mtandao unaposhika, na ana jambo. Wiki chache zilizopita alinipigia jioni, nafunga ofisi hapa Mtwara. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiye muuza tiketi za ndege? Hebu niambie. Hiyo ndege ya bei poa itafika lini huku kwetu?"

Alikuwa amesikia redioni watu wakizungumzia nauli nafuu za ndege. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nitampigia, halafu swali likanikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu najua jibu la haraka na najua kwamba jibu la haraka halimtoshi.

Kwa asiyeijua, Songosongo ni kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Ni kidogo. Ukiwa na miguu mizima unakizunguka ukarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Watu wetu ni wavuvi, wachokoaji pweza, wanawake wa mwani. Wengine Tanzania wanakijua kwa jambo moja tu, gesi. Iligunduliwa 1974, na tangu 2004 inapita kwenye bomba chini ya bahari kama kilomita 25 mpaka Somanga, kisha zaidi ya kilomita 200 nchi kavu mpaka Dar es Salaam, ikawashe mitambo ya umeme. Kwa ajili ya kazi hiyo ya gesi kisiwa kina kiwanja cha ndege. Ndege ndogo hutua pale na kuondoka. Sisi watoto wa kisiwa tumekua tukizitazama.

Sasa jibu la haraka. Novemba 2012, shirika la ndege la Fastjet lilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ya chini kabisa ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Wakati huo nilikuwa Dar najifunza kazi hii kwenye duka la wakala. Nakumbuka watu wakiingia na gazeti mkononi, kidole kwenye ile 32,000, wanataka nithibitishe. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa aliniuliza kama kwa bei hiyo abiria wanakaa au wanasimama. Alikata tiketi. Aliporudi kutoka Mwanza alipitia dukani kunishika mkono tu, akasema alikuwa hajui kwamba ziwa lote linaonekana kwa mkupuo mmoja.

Nauli ile iliwezekana kwa hesabu. Airbus A319 yenye viti zaidi ya 150. Ndege za aina moja, ili rubani na fundi wajue kitu kimoja na vipuri viwe vya aina moja. Ndege inatua, inashusha, inapakia, inarudi hewani upesi, maana ndege iliyoegeshwa inakula fedha bila kuingiza. Begi kubwa linalipiwa. Na tiketi zinapangwa kwa ngazi: anayenunua miezi miwili kabla anapata bei ya chini, anayekuja jana yake analipa mara tatu au nne. Huyu wa mwisho ndiye anayembeba yule wa kwanza. Pamoja na hayo yote, Desemba 2018 safari za shirika hilo hapa nchini zilisimama. Hiyo ni njia ya Mwanza, mkoa wenye watu zaidi ya milioni tatu.

Songosongo hata ile Q400 ya viti 76, tuliyoizoea hapa Mtwara, ni kubwa mno. Ndege ya visiwa kama vyetu ni mfano wa Cessna Caravan: injini moja, abiria kumi na wawili au pungufu. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kwenda na kurudi kunagharimu shilingi milioni tatu, ukijumlisha mafuta, rubani, bima na matengenezo. Wakijaa kumi na wawili, kila mmoja ana mzigo wa 250,000. Wakipanda sita, ni 500,000. Mvuvi gani wa Songosongo ana laki tano za kwenda kumwona mwanawe Dar? Na asipopanda yeye, anayebaki atagawiwa sehemu kubwa zaidi, naye ataacha kupanda. Ndege ndogo haina wa mwisho wa kumbeba wa kwanza. Viti ni vichache mno kwa mchezo huo.

Hata kiwanja kikubwa hakibadilishi hesabu hii. Saint Helena, kisiwa cha Uingereza kule Atlantiki ya kusini, kilijengewa uwanja kwa pauni milioni 285. Upepo wa pale kwenye njia ya kutua ulichelewesha mambo, ndege ya kwanza ya ratiba ikafika Oktoba 2017. Wakazi ni elfu nne na kitu. Uwanja upo, ndege zinatua, na nauli bado ni kubwa.

Basi ningemwambia mjomba: haiji. Lakini nikimwambia hivyo, nitakuwa nimesahau Julai ya 2016.

Mama aliteleza kisimani, akavunjika nyonga. Mimi nilikuwa Mtwara. Kaka yangu na vijana wa jirani walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka zahanati, mganga akampa dawa ya maumivu na kusema huyu lazima avuke. Ni Julai, kusi imechachamaa. Kutoka Songosongo kwenda Kilwa Kivinje, kunako hospitali ya wilaya, unaelekea kusini, kwa hiyo upepo unakupiga usoni njia nzima na mawimbi yanaingia chomboni. Nahodha, mtu aliyezaliwa baharini, alisimama pwani akatazama, akasema leo haiendeki. Hakuna aliyembishia. Nahodha akikataa, humlaumu. Unamshukuru.

Siku ya pili, yapata saa tatu asubuhi, ndege ndogo ikatua. Mama alikuwa amelala kwenye jamvi, hawezi kugeuka. Aliisikia. Akamwambia kaka, "Ile si ndege?" Kaka akatoka mbio mpaka karibu na kiwanja. Aliona watu wa kazi wakishuka, wengine wanne wakipanda, mlango ukafungwa, ikaruka. Haikukaa chini hata nusu saa.

Nimelifikiria tukio hili miaka yote, na ninataka kulisema kwa haki. Hakuna aliyemnyima mama kiti. Hakuna aliyeuliza. Kaka hakujua amwendee nani, aanze vipi, na rubani hakujua kwamba mita mia kadhaa kutoka pale alipozima injini kuna mama amevunjika nyonga. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa, wala karatasi yoyote inayosema kuuliza kunaruhusiwa. Viti vilikuwa vitupu, na kati ya viti vile na mama yangu hapakuwa na njia.

Alfajiri ya siku ya tatu upepo ulipungua. Walimtandikia godoro ndani ya mashua ya mashine, kaka akamshika mabega, mkewe akamshika miguu, karibu saa nne za bahari mpaka Kivinje. Kila wimbi, anasema kaka, mama alikuwa anataja jina la Mungu kwa sauti ndogo. Yu hai. Anatembea kwa mkongojo, na bado anagombana na kuku wake. Ila tangu siku ile akisikia ndege hunyamaza mpaka iishe.

Watu wa bara nilikuwa sijui niwaelezeje jambo hili, mpaka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4, karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar kule Somanga. Mabasi yakakwama pande mbili. Wenye moyo walizungukia Masasi, Tunduru, Songea, safari isiyo na mwisho. Waliobaki walikuja kwangu. Asubuhi nilikuta foleni mpaka barabarani. Kijana mwenye usaili wa kazi. Mama aliyepigiwa simu kwamba baba yake amefariki Mbagala na maziko ni kesho yake. Mzee mmoja wa Newala aliyebeba fedha alizobakiza za korosho kwenye mfuko wa kitambaa, akazihesabu mezani mara mbili, zikapungua, akazihesabu tena. Ngazi za chini za nauli zilikuwa zimeisha, zilizobaki zilikuwa za juu, na mashine haijui msiba. Yule mzee hakuondoka. Walichangishana watu wa foleni.

Siku zile Mtwara nzima na Lindi nzima zilikuwa kisiwa. Kila mtu alijua maana ya kuamka, kutazama njia na kuambiwa leo haiendeki. Barabara ilipofunguliwa, foleni iliisha kwa siku moja, na mazungumzo yakaisha nayo. Songosongo hawakuwa na cha kufunguliwa.

Baada ya hapo nikaanza kusoma habari za visiwa vya wenzetu, usiku, baada ya watoto kulala. Nilichokitafuta ni mahali ambapo kisiwa kidogo kweli, chenye watu wachache kweli, kina ndege ambayo mkazi wa kawaida anaimudu. Nilivipata Uskoti. Katika visiwa vya Orkney kuna safari kati ya Westray na Papa Westray, kilomita 2.7 tu. Ndiyo safari fupi ya ratiba kuliko zote duniani. Ndege iko hewani chini ya dakika mbili. Ipo tangu 1967. Papa Westray haina hata watu mia. Wanapanda walimu, wagonjwa, watoto wa shule, kwenye kindege cha Islander kinachobeba abiria wanane. Inarukaje bila kufilisika? Halmashauri ya visiwa inachangia gharama. Imeamua kwamba ile ndege ni sawa na barabara. Hakuna mahali barabara ya kijiji inadaiwa ijilipe yenyewe kwa wapitaji wake.

Zaidi ya hapo, wakazi wa baadhi ya nyanda za juu na visiwa vya Uskoti wana mpango wa punguzo. Ukithibitisha kwamba wewe ni mkazi, nauli ya njia zilizomo kwenye mpango inapungua kwa asilimia 50. Mtalii analipa yake kamili. Kiti kimoja, bei mbili, kwa sababu mmoja anatembea na mwingine anaishi.

Na huko huko Uskoti kipo kisiwa cha Barra, nacho ndicho kilichonifanya niinuke kitandani nimpigie kaka saa tano ya usiku. Barra ndege hutua pwani, juu ya mchanga, maji yakipwa. Bamvu au maji mafu, ratiba inapangwa kwa kupwa na kujaa. Kaka alicheka mpaka akamwamsha mkewe. Akasema, "Kwa hiyo rubani naye anamuuliza mvuvi?"

Ninachokitaka ni kidogo kuliko vyote hivyo. Siombi shirika jipya wala uwanja mpya. Ndege zinatua Songosongo tayari. Zimeshalipiwa mafuta, zimeshalipiwa rubani. Ninaomba viti viwili vya mkazi katika kila ndege inayoondoka kisiwani ikiwa na nafasi. Viti vyenye jina na utaratibu, ambavyo havitegemei mtu kujuana na mtu. Orodha ikae kwa mtendaji wa kata na mganga wa zahanati. Mgonjwa kwanza, mjamzito wa pili, kisha mwanafunzi mwenye mtihani au mwenye msiba, na kama hawapo, yeyote aliyejiandikisha. Mkazi alipe kiasi kile kile anacholipa kwenye boti. Tofauti ilipwe na halmashauri, ambayo hupokea ushuru wa huduma unaotokana na gesi ya kisiwa hicho hicho. Najua fedha hizo zina madarasa na vyoo vya shule vinavyozingoja. Lakini kiti kwenye ndege inayoondoka nacho kitupu ni bei rahisi kuliko kitu chochote kitakachoandikwa kwenye bajeti ile.

Nitaambiwa ndege ya kukodi si daladala. Ni kweli, na mimi ndiye ninayewaambia wateja hivyo kila wiki. Bima inataka jina la kila aliyepanda. Mamlaka ya usafiri wa anga ina taratibu zake, za kukodi mbali, za ratiba mbali. Anayekodi ana haki ya kujua nani anakaa karibu na watu wake. Kila mtu apimwe uzito na mzigo wake, kwa kuwa kwenye ndege ndogo kilo ishirini zilizokaa vibaya ni jambo kubwa. Bibi zetu watakataa mizani mwanzoni, nawafahamu, watasema mtu hapimwi kama ufuta. Watazoea. Hayo yote yanaandikika kwenye mkataba wa kurasa chache, na waandishi wa mikataba wapo.

Kuna na upande wa mzigo, ambao watu wa ofisini huusahau. Songosongo ina pweza na kamba koche ambao bei yao inashuka kila saa wanayokaa juani. Kiti kitupu ni hasara, na chini ya kiti kitupu kuna nafasi ya boksi. Ila hapa niwaambie ndugu zangu ukweli wa kazi yangu: boksi la samaki linalovuja halipandi ndege, hata ulie. Maji ya chumvi yanakula bati la ndege taratibu, mahali fundi asipoyaona. Nimerudisha mabonge ya boksi hapa Mtwara, yenye samaki wazuri, kwa tone moja. Tukitaka ndege ibebe pweza wetu, tujifunze kufunga kwanza.

Wapo wanaosema tungoje ndege za umeme, kwamba zitakuwa rahisi na zinafaa safari fupi. Nazifuatilia. Desemba 2019 kampuni ya Harbour Air kule Kanada ilirusha ndege ndogo ya majini iliyofungwa mota ya umeme, ikaruka vizuri. Lakini 2023 Tecnam wa Italia waliusimamisha mradi wao wa ndege ya umeme ya abiria, kwa kuwa betri zinachoka mapema mno. Mjomba ana miaka sabini na kitu. Hawezi kungoja betri. Ndege zisizo na rubani nazo ziko karibu zaidi: mwaka 2018 zilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza mpaka Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Ningefurahi kuziona kwetu. Dawa na sampuli za damu zitaruka zenyewe. Nyonga iliyovunjika itahitaji kiti.

Jumapili moja nilimpigia mjomba. Nilimweleza yote haya, pole pole, simu ikakatika mara tatu. Alisikiliza. Alipenda habari ya Barra kuliko zote, akataka nimrudilie. Halafu akauliza swali ambalo mimi na kusoma kwangu kote sikuwa nimejiuliza. "Hao watakaoamua, watajuaje kwamba tunazihitaji? Wataniamini mimi?"

Nikamwambia anunue daftari. Kila mtu anayekwama kwa sababu ya bahari aandikwe: tarehe, umri, shida yake, alingoja muda gani. Majina yabaki kwake. Kaka apige picha ukurasa, anitumie, mimi nitauchapa na kuupeleka halmashauri, Kilwa Masoko, kwa mkono wangu. Sitaubeba mkutanoni nikiwa na hadithi ya mama peke yake.

Jana picha ya kwanza imeingia. Mwandiko wa mjomba umelalia kushoto, kalamu ya buluu. Mistari minne kwa siku kumi.

Mwanamke, 31, mimba ya miezi minane, alingoja siku moja.

Mwanamume, 44, kachomwa na mwiba wa samaki taa mguuni, aliondoka usiku kwa ngalawa.

Mwanafunzi, 17, alichelewa kuripoti shule, siku mbili.

Mtoto, miezi kumi, homa na degedege, siku moja na nusu. Ndege ilitua saa nne.